Je, Ni Haki Kuchezea Kobalti?

Likizo iliyopita, nyumbani Karambi, nilitengeneza boti ndogo ya kuchezea inayoongozwa kwa rimoti. Ilikuwa haidrofoili, yaani boti yenye mabawa chini ya maji. Ikishika kasi, mabawa hayo huiinua mpaka mwili wake unaacha kugusa maji. Nguvu ya kuinua huongezeka kwa mraba wa kasi: kasi ikiwa maradufu, nguvu huwa mara nne. Kwa hiyo boti nzito isiyo na mota yenye nguvu hailipati hilo kamwe.

Mwanzoni nilitumia betri kuukuu ya pikipiki, yenye uzito wa zaidi ya kilo mbili. Boti ililima maji ya bwawa la samaki kama jembe. Kisha nikavunja betri ya kompyuta mpakato iliyoharibika, nikapata seli sita za lithiamu zilizokuwa bado nzima. Zote pamoja hazikufika gramu 300. Safari hii boti iliinuka.

Mzee mmoja jirani, aliyewahi kufanya kazi Kilembe, alikuwa akitazama. Akaniuliza, "Mjukuu wangu, hii inabeba nini?" Nikamjibu, "Haibebi kitu, babu. Ni ya kuchezea." Nikamweleza kwamba seli za aina hiyo kwa kawaida huwa na kobalti. Akauliza tena, "Na hiyo kobalti ilichimbwa na nani?" Sikuwa na jibu.

Swali lake si geni kwetu Kasese. Mgodi wa Kilembe ulitoa shaba tangu miaka ya 1950, na mabaki yake yalikuwa na kobalti, ambayo baadaye ilisafishwa kiwandani hapa hapa Kasese. Mto Nyamwamba unapofurika, kama ulivyofanya Mei 2013 na Mei 2020, humega marundo ya mabaki hayo na kuyapeleka kwa watu wa chini. Leo zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia hutoka Kongo, nchi ambayo sisi wa Karambi tunapakana nayo. Mwaka 2016 Amnesty International ilitoa ripoti iliyoonyesha watoto wakifanya kazi katika machimbo ya huko kusini. Je, ni haki kuchezea kitu ambacho huenda kilipatikana kwa mateso yao?

Jibu la kwanza ni kwamba seli sita ni kidogo mno. Silikubali. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba cha madhara hujazwa vivyo hivyo. Fungu langu kuwa dogo hakumaanishi kwamba sina fungu.

Jibu la pili ni kwamba kosa liko kwenye mchezo, kwamba betri ingetumika kwa kazi ya maana isingekuwa na lawama. Hili nalo silikubali. Seli hizo hizo zilikuwa ndani ya kompyuta, na pengine ziliandikiwa insha kama hii. Maumivu ya mchimbaji hayapungui kwa sababu mnunuzi ana shughuli nzito. Tukiulaumu mchezo peke yake, tunajisafisha wenyewe kwa bei rahisi.

Jibu la tatu ni kuacha kununua kabisa. Lina heshima yake, lakini mchimbaji anayelisha familia kwa kobalti hatapona kwa kunyimwa soko. Anachokosa ni usalama kazini na malipo ya haki, na mtoto anakosa shule.

Kwa maoni yangu, kucheza si dhambi. Dhambi ni kutumia bila kutaka kujua, na kupoteza kilichogharimu jasho la mtu. Kutumia seli za zamani hakufuti historia yake, ila hakuagizi kobalti mpya. Pia tunaosoma tunadaiwa zaidi: tuwaulize wauzaji na serikali zetu madini yanatoka wapi, maana mtoto wa machimboni hana nafasi ya kuuliza.

Seli zangu zitakapokufa, sitazitupa kwenye shimo nyuma ya nyumba. Nimeona Nyamwamba inavyofanya na vitu ambavyo watu walidhani wamevimaliza. Na yule mzee bado namdai jibu, au tuseme, yeye ndiye ananidai mimi.