Nani Analipia Luku Yako?

Kwa kinyozi wetu hapa Umoja kuna benchi la mbao, na juu ya benchi kuna jarida moja tu: Vogue Hommes, toleo la wanaume la Vogue ya Ufaransa, lililozaliwa Paris miaka ya 1970. Nakala ya kinyozi haina jalada, na kurasa zimeshikana kwa mafuta ya nywele. Hakuna anayejua Kifaransa pale. Wasee hupekua wakingoja zamu, wanaangalia makoti, viatu na nyuso za wale wanamitindo wasiocheka, kisha wanamwonyesha kinyozi picha: "Ninyoe hivi."

Siku moja nikaiambia simu initafsirie maneno madogo yaliyo chini ya koti refu la rangi ya kahawia. "Bei kwa kuuliza." Nikacheka. Gikomba pia bei ni kwa kuuliza. Tofauti ni kwamba Gikomba ukijibiwa unalia, na ukilia unapunguziwa.

Mimi nina koti kama lile. Nililipata Gikomba kwenye kamera, yaani zile nguo kali zinazochaguliwa kwanza beli likifunguliwa, kabla mambo hayajashuka hadi fagia. Elfu moja na mia mbili. Na koti hilo ndilo limeniletea swali hili: mtu akivaa kuliko mfuko wake, anadanganya?

Wazee watasema ndiyo. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Mtaani tunasema hapana. Kijana wa Eastlands anajua koti zuri linaweza kumpitisha mbele ya askari wa doria bila maswali mengi, na kwamba mlinzi wa jengo la mjini husoma viatu vyako kabla hajasoma kitambulisho. Kama watu wameamua kukusoma kwa nguo, kuna ubaya gani kuwaandikia kitu kizuri?

Wakongo walibishana juu ya hili kitambo. Brazzaville na Kinshasa kuna watu wa La Sape, wanaume ambao wengi wanaishi mitaa kama yetu lakini wanatembea na suti za majina makubwa ya Ulaya. Papa Wemba, aliyeanguka jukwaani Abidjan Aprili 2016 na kufariki, alikuwa kama mfalme wao. Alianza kung'ara wakati Mobutu alikuwa amekataza suti na tai za Kizungu kule Zaire, akitaka wanaume wavae abakosti. Kwa hivyo kupendeza kwa suti hakukuwa mashauo peke yake. Ulikuwa unamjibu rais bila kufungua mdomo.

Na usidhani serikali yetu haina habari na shingo za wanaume. Novemba 2023 Spika Moses Wetang'ula aliwaambia wabunge kwamba Kaunda suti hazitakiwi tena bungeni, ilhali Rais Ruto mwenyewe alikuwa anazivaa sana. Kinshasa kuvaa tai kulikuwa kosa, Nairobi kukosa tai ndiyo kosa. Hapo unaona kwamba nguo yenyewe si kweli wala uongo. Nguo ni maneno. Inategemea unamwambia nani, na unataka aamini nini.

Hadi hapo nilikuwa na jibu langu tamu. Kisha Mama akaliharibu bila kujua.

Niliacha chuo mwaka wa pili. Sitasingizia chuo. Karo ilikuwa inachelewa, nikaanza kukosa masomo, nikawa naandika vijimakala vya kulipwa kwenye mtandao, na siku moja nikagundua sijaingia darasani mwezi mzima. Mama anauza mboga Kayole. Sikumwambia. Nilikuwa naenda kumwona kila baada ya wiki mbili nikiwa na lile koti. Sikuwahi kusema "bado niko chuo." Sikuhitaji. Nikifika mlangoni alikuwa anawaita majirani: "Njooni mwone mwanafunzi wangu." Nami nanyamaza kama wale wanamitindo wa Paris.

Halafu Mama akakopa elfu kumi na tano kwa chama, karo ya muhula ambao hata sikujua ulianza lini. Akaniwekea mkononi zikiwa zimefungwa kwenye leso. Nikazichukua. Elfu sita zililipa kodi ya nyumba kabla sijakubali kwamba nimeiba.

Nilijitetea sana kichwani. Koti halina mdomo, aliyenyamaza ni mimi, tusichanganye mambo. Lakini kuna kitu kilinisuta. Siku ya kwenda kumwomba mwenye nyumba anivumilie, koti nililiacha limening'inia msumarini nikavaa fulana iliyotoboka. Kwa Mama, koti. Kwa mwenye nyumba, matobo. Mtu anayechagua hivyo anajua vizuri sana nguo zake zinasema nini.

Kwa hivyo siku hizi swali langu si kama luku yako inalingana na mfuko wako. Nauliza nani analipia. Kijana akiazima koti la rafiki aende kutafuta kazi, kazi yenyewe itampima mikono, na akishindwa aibu ni yake. Huyo simwiti mwongo. Mkora akivaa suti auze ploti ambayo haipo, bili inaenda kwa mnunuzi. Mtu wa La Sape akilala njaa ili anunue viatu, tumbo ni lake, amelipa. Akimlaza mtoto njaa, viatu hivyo vimelipiwa na mtoto, hata ving'ae namna gani. Na mimi? Koti nililipia mwenyewe, shilingi kwa shilingi. Kile koti lilichosema, alilipia Mama.

Nilimwambia jioni moja akikata sukuma. Hakuacha kukata.

"Hiyo koti ulinunua pesa ngapi?"

"Elfu moja mia mbili."

"Na zangu zimebaki ngapi?"

"Elfu tisa, Mama."

Akakata shada lote likaisha. "Jumapili uje nayo, baba. Uje umeivaa. Twende kwa mweka hazina, na utaongea wewe."

Tukaenda. Mweka hazina akanikaribisha kwenye kochi lenye vitambaa vyeupe, akanimiminia chai, akasema, "Kijana umependeza." Mama akaangalia chai yake. Nikasema yote nikiwa ndani ya koti lile, jasho linanitiririka mgongoni. Sijawahi kutamani fulana yangu ya matobo kama siku hiyo, na nafikiri Mama alijua, ndiyo maana alikataa niivae. Ningekuja na matobo ningekuwa naomba huruma, na huruma pia mtu hulipia.

Nilirudisha zile elfu tisa palepale. Elfu sita nalipa elfu moja kila mwezi, na nimebakisha miezi miwili. Koti bado navaa, hata kwa kinyozi. Wasee wakiniuliza bei, nawaambia.