Dereva Mgonjwa na Amana ya Usukani

Liko suala ambalo watu wengi hulipita bila ya kulitazama, nalo ni hili: dereva wa lori aliyepewa na daktari dawa yenye kuleta usingizi au kizunguzungu, je, yafaa apande garini akafanye kazi yake? Na ikiwa ajua kwamba akisema kweli huenda akanyimwa safari, na watoto wake wakalala na njaa, je, ana udhuru wa kunyamaza?

Huenda mtu akasema: haya ni mambo ya bara, sisi watu wa pwani yatuhusu nini? Jawabu ni kwamba yatuhusu sana. Shehena ishushwayo katika bandari ya Mombasa hupakiwa malorini ikafika Migori na mpaka wa Isebania, safari ya zaidi ya kilomita 800. Katika madereva wa safari hizo wamo vijana wetu, na katika wenye malori wamo jamaa zetu. Basi atakayegongwa kule, damu yake itauliza huku.

Itazameni njia yenyewe. Barabara kuu hutoka Kisii, ikapita Rongo na Awendo, ikafika Migori na Isebania. Na hapo Rongo hutoka njia nyingine iendayo Homa Bay, ufuoni mwa ziwa. Awendo pana kiwanda cha sukari, na magari ya miwa huingia na kutoka. Kandokando ya njia hizo hupita watoto wa skuli, akina mama waendao sokoni na vijana wa bodaboda. Tena nchi hiyo ya kando ya Ziwa Victoria ni nchi ya malaria, na uchunguzi wa serikali wa mwaka 2018 ulionyesha kwamba wenye virusi vya Ukimwi katika watu wazima wa Homa Bay ni asilimia 19.6, na katika wa Migori ni asilimia 13. Kwa hivyo dereva mwenye dawa mfukoni si jambo la ajabu huko. Ni jambo la kila siku.

Amma dawa zenyewe si sawa. Vidonge vya mafua na mwasho vya namna ya zamani, kama Piriton, ambavyo watu hununua dukani kama wanunuavyo peremende, huleta usingizi. Dawa za kifafa na za kutuliza akili huweza kuuchelewesha mkono na jicho, na dawa ya kikohozi yenye kodeini ni hivyo hivyo. Mwenye kisukari ajidungaye insulini, akikosa chakula kwa wakati wake, sukari hushuka, akatoka jasho na akili ikapotea kidogo kidogo naye hana khabari. Dawa za malaria nazo huweza kuleta kizunguzungu, mbali na homa yenyewe. Katika dawa za Ukimwi, ile iitwayo efavirenzi ilikuwa ikiwaletea wengi kizunguzungu na ndoto nzito. Lakini tangu mwaka 2018 Kenya ilianza kuwahamishia wagonjwa katika dolutegraviri, na walio wengi waitumiao hufanya kazi zao kama watu wengine wote.

Basi mwenye kusema kwamba kila amezaye dawa asiendeshe gari amedhulumu, na amekosa pia kuona mbali. Maana watu wakiambiwa hivyo, hawataacha usukani; wataacha dawa. Na dereva wa kifafa aliyeacha vidonge vyake ni khatari kubwa kuliko aliyevimeza. Dawa si adui. Adui ni kuendesha hali mwili hauwezi, iwe sababu yake ni dawa, au ugonjwa, au uchovu, au miraa iliyotafunwa ili kuufukuza usingizi unaodai haki yake.

Wako wasemao: "Dawa hii nimeandikiwa na daktari, nina cheti." Hii ni hoja dhaifu. Cheti cha daktari chakuruhusu kumeza. Hakimzuii mtoto kuvuka njia. Sheria ya Trafiki ya Kenya, Sura ya 403, yamhesabu kuwa mkosa anayeendesha gari hali amelemewa na kileo au dawa hata asiweze kuliongoza sawasawa. Na hata lau sheria ingalinyamaza, akili yatosha. Aliyepewa usukani amepewa amana ya roho za watu asiowajua, ambao hawakuulizwa wala hawakukubali kuingia katika khatari yake. Mtu aweza kuihatarisha mali yake. Roho ya mwenziwe si mali yake.

Sasa tufikie lile lililo zito. Je, ni wajibu dereva amweleze tajiri wake ugonjwa alio nao? Twaona kwamba hapa watu huchanganya mambo mawili. Jina la ugonjwa ni siri ya mgonjwa. Uwezo wa kuendesha leo ni haki ya watu wa barabarani. Dereva hapaswi kusema, "Nina ugonjwa fulani." Lililo wajibu juu yake ni kusema, "Daktari amenambia nisiendeshe kwa siku tatu." Akisema hivi ametimiza amana, na siri yake imebaki. Sheria ya Kenya ya mwaka 2006 juu ya Ukimwi yakataza mtu kulazimishwa kupimwa ili apate kazi, na yakataza kumbagua mfanyakazi kwa sababu ya hali yake peke yake. Basi tajiri mwenye kudadisi jina la ugonjwa ataka kisicho chake; na dereva mwenye kuficha kwamba hawezi azuia kisicho chake.

Huenda mtu akasema: "Maneno haya ni mepesi kwa mwenye kushiba. Dereva hulipwa kwa safari; asipokwenda hapati kitu." Kauli hii ni ya kweli, nasi hatuipuuzi. Lakini yatuonyesha kwamba mkosa si mmoja. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 yampa mfanyakazi aliyekwisha kufanya kazi miezi miwili mfululizo siku saba za ugonjwa kwa mshahara kamili, kisha siku saba kwa nusu mshahara, kila mwaka, maadamu ana cheti cha daktari. Na Sheria ya Trafiki yakataza dereva wa gari la biashara kuendesha zaidi ya saa nane katika saa ishirini na nne. Tajiri asiyelipa siku za ugonjwa, na atakaye shehena ifike Isebania kabla ya wakati unaowezekana, amekwisha kununua uongo wa dereva wake. Msiba ukitokea, asiseme, "Sikujua." Alipanga asijue.

Hata hivyo, dhuluma ya tajiri haimhalalishii dereva kumdhulumu mpita njia. Mwenye njaa ana haki ya kulalamika, kudai na kusaidiwa; hana haki ya kulilipisha deni la tajiri roho ya mtoto wa Rongo.

Basi yapasa kufanywa mambo manne. Kwanza, dereva amwambie daktari na muuza dawa kazi yake kabla hajaulizwa, na aombe dawa isiyolaza ikiwa ipo. Wala asiijaribu dawa mpya kwa mara ya kwanza akiwa usukanini. Pili, tajiri alipe siku za ugonjwa kama sheria isemavyo, na awe na dereva wa akiba. Tatu, ambaye ugonjwa wake umemzuia kuendesha kwa daima aambiwe ukweli bila ya kufichwa, kisha atafutiwe kazi nyingine ghalani au katika hesabu, wala asitupwe kama gurudumu lililopasuka. Nne, sisi watu wa mitaa tuwe na fungu la kumsaidia dereva mgonjwa, maana twachanga kwa wepesi kwa ajili ya mazishi, na kuchanga kabla ya mazishi ni aula zaidi.

Ukweli una gharama. Tukimwachia mgonjwa peke yake ailipe, tusistaajabu akinyamaza.