Kusamehewa na Kurudishiwa Ufunguo



Jumapili moja baada ya Misa, watu wakiwa bado wanaamkiana nje ya kanisa, mama mmoja mjane alitushika mkono akatuuliza swali ambalo hatukuweza kulijibu papo hapo. Katika mtaa wetu yuko ndugu aliyekuwa mtunza hazina. Fedha za mabati ya paa zilipotea mikononi mwake, akashtakiwa, akafungwa, akamaliza kifungo chake. Sasa amerudi. Amekiri kosa lake mbele ya watu, naye huketi benchi la nyuma kabisa. Baadhi ya wazee wanasema kwamba maadam amesamehewa, basi arudishiwe kazi yake, kwa sababu hesabu anazijua kuliko sisi sote. Mama yule, ambaye katika fedha zile zilikuwamo na zake za kuuza maandazi, akasema: "Mwalimu, mimi nimekwisha kumsamehe. Lakini nisipotaka ashike tena ufunguo wa sanduku, je, nitakuwa nimetenda dhambi?"

Swali hilo tumelifikiri siku nyingi. Na kwa kuwa si vizuri kumjadili jirani aketiye karibu nasi, tumeona afadhali tutazame mfano wa mbali, wa mtu ambaye habari zake zimekwisha kuwa za watu wote. Mtu huyo ni Jonathan Aitken wa Uingereza, naye ni wa Kanisa letu la Kianglikana.

Aitken alizaliwa mwaka 1942 katika jamaa yenye jina. Baba yake alikuwa mbunge, naye mwenyewe aliingia Bungeni mwaka 1974 kwa chama cha Conservative. Mwaka 1992 alifanywa waziri katika Wizara ya Ulinzi, akahusika na ununuzi wa silaha na vifaa vya majeshi. Mwaka 1994 akapanda tena, akawa waziri katika Hazina ya Serikali na mjumbe wa Baraza la Mawaziri. Watu walianza kunong'ona kwamba huenda siku moja akawa Waziri Mkuu.

Kilichomwangusha hakikuwa kitu kikubwa. Mnamo Septemba 1993 alilala siku mbili katika hoteli ya Ritz mjini Paris, na deni lake, kama pauni 1,000 hivi, lililipwa na watu wa Saudi Arabia aliojuana nao katika biashara. Waziri hakuruhusiwa kupokea ukarimu wa namna hiyo. Waandishi wa gazeti la Guardian wakauliza swali ambalo hata mtoto wa shule angeliuliza: Nani alilipa? Aitken akajibu kwamba mke wake ndiye aliyelipa.

Laiti angalisema kweli siku ile! Pengine angaliaibika wiki mbili tatu, au hata kuacha uwaziri, kisha mambo yangalikwisha. Lakini uongo haukubali kuishi peke yake. Huita ndugu zake. Mwezi Aprili 1995 alitangaza mbele ya waandishi kwamba atapigana na uandishi mbovu kwa upanga wa kweli, akalishtaki gazeti lile kwa kumvunjia heshima. Mwezi Julai mwaka huo akaacha uwaziri ili aishughulikie kesi yake. Mei 1997 wapiga kura wakamnyima kiti chake. Mwezi Juni, kesi ikiwa imekwisha kuanza mahakamani, zilipatikana karatasi za shirika la ndege na za gari la kukodi. Karatasi hizo zilionyesha kwamba mke wake alikuwa Uswisi siku zile, wala hakufika Paris. Kesi ikaanguka. Njia ya mwongo ni fupi, walisema wazee.

Iko sehemu moja ya habari hii iliyotuuma kuliko zote. Ili kuutegemeza uongo wake, Aitken alikuwa amemfanya binti yake, aliyekuwa bado msichana, atie sahihi maelezo yasiyo ya kweli. Sisi tuliofundisha tunajua jambo hilo maana yake nini. Zamani tukiwa darasani, mtoto mmoja alituletea barua ya baba yake kwamba jana yake alikuwa mgonjwa. Nasi jana hiyo tulikuwa tumemwona sokoni akiuza samaki pamoja na baba yake. Mtoto alisimama mbele yetu akitazama vidole vya miguu yake. Hatukumpiga. Lakini tangu siku ile hakututazama tena usoni, mpaka alipomaliza shule. Baba alipata msaidizi wa siku moja sokoni, na mtoto akapoteza kitu ambacho hatukujua jinsi ya kumrudishia.

Mwaka 1999 Aitken alikiri makosa ya kuapa uongo na ya kuipotosha haki, na tarehe 8 Juni akahukumiwa kifungo cha miezi 18. Alikaa gerezani kiasi cha miezi saba. Ndoa yake ilivunjika, na mali yake ikamalizika hata akatangazwa kuwa amefilisika. Mtu aliyekuwa akitia sahihi fedha za taifa zima akawa hana zake. Huko gerezani, wafungwa wasiojua kusoma walimletea barua zao, naye akawasomea na kuwaandikia majibu. Alipotoka alikwenda kusoma elimu ya dini katika chuo cha Wycliffe Hall, Oxford.

Hapa ndipo linapoanza somo tunalolitafuta. Mwaka 2004 baadhi ya wafuasi wake wa zamani walitaka agombee tena kiti kile kile alichokipoteza. Sheria ya Uingereza haikumzuia, kwa kuwa kifungo chake kilikuwa kimekwisha. Lakini kiongozi wa chama, Michael Howard, alikataa. Je, Howard alikuwa hana msamaha? Sisi hatudhani hivyo. Ubunge si mali ya mbunge, hata arudishiwe kama mtu arudishiwavyo koti lake. Ni dhamana ya watu. Msamaha mtu anaweza kuupokea siku aliyotubu. Dhamana haina budi kujengwa upya, tofali juu ya tofali, mbele ya macho ya wale waliodanganywa.

Maandiko nayo yanatufundisha hivyo. Mfalme Daudi alisamehewa, lakini matata hayakuondoka nyumbani mwake. Na Zakayo, alipotubu, hakuomba apandishwe cheo. Alianza kuhesabu watu aliowadhulumu, awalipe. Toba ya kweli huuliza, "Nimerudisha nini?" kabla ya kuuliza, "Nitarudishiwa nini?"

Msomaji mmoja atatupinga. Atasema: "Mbona mtu huyo huyo alitiwa mikono na Askofu wa London mwaka 2018 kuwa shemasi, na mwaka uliofuata akawa padri? Je, dhamana ya roho za watu si kubwa kuliko ya kura?" Pingamizi hilo ni la haki, na wako Wakristo wa huko walioona vigumu kulikubali jambo hilo. Lakini na tutazame ilikuwa kazi gani. Tangu hukumu yake ilikuwa imepita miaka 19, naye alikuwa na umri wa miaka 75. Alikwenda kuwahudumia wafungwa bila mshahara, katika gereza la Pentonville, kati ya watu ambao hangeweza kuwadanganya kwamba hajui harufu ya mahali pale. Hakupewa ufunguo alioupoteza. Alipewa kazi ambayo anguko lake lenyewe lilimfundisha.

Basi, mama yetu, jibu letu ni hili. Hukutenda dhambi. Ungetenda dhambi kama ungemnyima salamu, au kama ungefurahi kumwona benchi la nyuma, au ungewasimulia watoto wake aibu ya baba yao. Kukataa asishike sanduku si chuki. Huenda ikawa ndiyo huruma, kwa maana hatumpi mtu aliyepona homa juzi mzigo ule ule uliomwangusha. Lakini tusimwache bure. Yuko hodari wa hesabu; awafundishe vijana wetu wa darasa la saba, wazazi wao wakijua habari zake zote. Tena, wako wafungwa wilayani kwetu wasiotembelewa na mtu, naye anaijua njia.

Nasi wazee wa mtaa tujihoji pia. Ndugu yetu alikaa na ufunguo ule miaka mingi, peke yake, wala hakuna aliyemwomba stakabadhi hata moja. Tuliona ni kumheshimu. Kumbe tulimwacha peke yake na kishawishi, tukakiita kimya chetu imani. Huko Uingereza waandishi waliuliza ni nani aliyelipa, wakaitwa waongo kwa miaka miwili. Na bado swali lao ndilo lililokuwa la kirafiki kuliko sifa zote alizopewa. Mtunza hazina mpya atakapochaguliwa, awe yeyote yule, sisi tutaomba kuona stakabadhi mwezi wa kwanza, na ufunguo wa pili ukae kwa mtu mwingine. Asiudhike. Tutakuwa tunamlinda, pamoja na watoto wake.