Ufasaha Si Ushahidi

Swali ninalokusudia kulijadili katika makala haya ni la maadili, ijapokuwa limezuka katika ufundi wa kompyuta. Nalo ni hili: je, ni haki mtu kumpelekea mwenzake maneno ambayo yeye mwenyewe hakuyachunguza, akamwachia kazi ya kutafuta kama ni ya kweli?

Kwanza tulieleze jambo lenyewe. Ziko programu za kompyuta ziitwazo programu huria. Maandishi yake yako wazi, na yeyote aweza kuyasoma, kuyatumia na kuyarekebisha. Mjini Lilongwe, shirika la Baobab Health lilianza mwanzoni mwa miaka ya 2000 kutumia programu za namna hiyo kuwaandikisha wagonjwa hospitalini. Nyingi hutunzwa na watu wachache wanaojitolea. Anayegundua hitilafu hupeleka taarifa, nao huichunguza. Utaratibu wote umejengwa juu ya kuaminiana.

Mfano mashuhuri ni curl, programu iliyoanzishwa na Daniel Stenberg wa Sweden mwaka 1998. Kazi yake ni kusafirisha habari katika mtandao, nayo imo katika mabilioni ya simu, magari na kompyuta. Mwaka 2019 watunzaji wake walianza kumtunza fedha yeyote aliyegundua udhaifu wa kiusalama. Kufikia katikati ya mwaka 2025 walikuwa wamelipa zawadi 81, jumla yake zaidi ya dola 90,000. Lakini ilipoenea mitambo ya akili mnemba, watu waliitumia kutunga taarifa kwa tamaa ya zawadi. Lugha ilikuwa safi na istilahi zilijaa tele, ila hitilafu zilizotajwa hazikuwapo. Mwaka 2025 Stenberg alieleza kwamba kama taarifa moja katika kila tano ilikuwa takataka ya aina hiyo, na ni asilimia 5 tu hivi ya taarifa zote zilizokuwa na udhaifu wa kweli. Kikosi cha usalama kilikuwa na watu saba, na kila taarifa iliwashughulisha watatu au wanne, pengine kwa saa nzima au zaidi. Mwishoni mwa Januari 2026 zawadi zikafutwa.

Kosa ni la nani? Wako watakaosema ni la mashine. Mimi sikubaliani nao. Mwaka huohuo wa 2025 mtafiti mmoja aliwapelekea watunzaji haohao orodha ya hitilafu alizozipata kwa msaada wa akili mnemba, na marekebisho yapatayo hamsini yakafanywa. Chombo, basi, chaweza kufaa. Kosa ni la mtu anayetia jina lake chini ya jambo asilolijua. Taarifa ni ushahidi, na shahidi hasemi ila alichokiona. Zamani urefu wa taarifa ulikuwa dalili ya jasho la mwandishi. Leo kuandika kumekuwa rahisi, lakini kusoma hakujarahisika hata kidogo. Jasho lote limehamia kwa msomaji. Huko ni kula wakati wa mwenzako bila idhini yake.

Tena anayeumia si msomaji peke yake. Tuchukue makazi ya wakimbizi ya Dzaleka, wilayani Dowa, zaidi ya kilomita 40 kutoka Lilongwe. Yalifunguliwa mwaka 1994 kwa watu wapatao 10,000 hivi, na sasa yana zaidi ya 50,000, wengi wao kutoka Kongo, Burundi na Rwanda, ambao Kiswahili ndicho kiunganishi chao. Kanuni za Malawi zinawabana wasifanye kazi nje ya makazi. Mwaka 2023 hata waliokuwa wakiishi mijini waliamriwa kurudi. Kwa kijana wa hapo aliyejifunza kompyuta, zawadi kama ile ilikuwa mlango usiodai shahada wala ajira. Ilidai ukweli tu. Mlango huo wameufunga waongo. Na hata palipobaki wazi, taarifa yake ya kweli itapokelewa kwa shaka, maana samaki mmoja akioza, wote wameoza.

Hapa patatokea hoja nzito. Kijana huyo Kiingereza chake ni lugha ya tatu au ya nne. Je, tumkataze kusaidiwa na mashine? La, hasha. Na aitafute hitilafu kwa mkono wake, airudie mpaka awe na hakika, aandike hatua zake kwa Kiswahili, kisha mashine imfasirie. Ufasaha umekopwa, lakini ushahidi ni wake. Kumnyima msaada huo kungekuwa kuwapendelea waliozaliwa na Kiingereza kinywani.

Sisi walimu wa lugha hatuna budi kujiuliza tunatuza nini darasani. Kwa miaka mingi tumetoa alama kwa msamiati mpana na methali zilizopangwa vizuri, wala si vibaya. Lakini ikiwa mwanafunzi hakuulizwa kamwe, "Umejuaje?", tumemfundisha kwamba maneno mazuri yatosha. Swali hilo na liulizwe kwa kila insha, na jibu lake lipewe alama zake. Lugha ni amana baina ya asemaye na asikiaye. Asemaye asilolijua ameivunja, hata kama sarufi yake haina doa.