Mbawakawa Aliyepotea: Hai au Maiti?

Mpindue chali mbawakawa wa jamii ya Elateridae uone. Atajipinda, mwiba wa kifuani utumbukie ghafla katika kijishimo chake, taa! mdudu mzima arushwe hewani. Spishi za jamii hii hukadiriwa kufika 10,000 duniani, na katika makumbusho kila mdudu huandamana na kikaratasi kilichochomwa pini: mahali, tarehe, jina la mkusanyaji.

Kikaratasi hicho ni ushahidi, ila wa nini? Chukua Dar es Salaam: ile ya 1891, Wajerumani walipoifanya makao makuu ya koloni lao, ilikuwa mji mdogo uliozungukwa na mashamba. Sensa ya 2022 ilihesabu humo watu 5,383,728. Hata mipaka imehama: mwaka 2016 Ubungo ilimegwa kutoka Kinondoni, Kigamboni ikatoka Temeke. Mdudu aliyeandikwa "Temeke" huenda leo ni wa Kigamboni, na gogo alimokulia pengine limeshakuwa mkaa.

Spishi yake isipoonekana miaka 60, ihesabiwe imekufa?

Wanazuoni wa fiqhi, sheria ya Kiislamu, waliwahi kuikabili kesi kama hii, ya mume aliyesafiri akapotea bila habari. Kauli ya kale ya Imamu Shafii ilimpa mke miaka minne ya kungoja. Kauli yake mpya ikasema angoje mpaka ipatikane yakini, kwani yakini haiondolewi na shaka. Shirika la uhifadhi la IUCN nalo, kabla ya kutangaza kwamba spishi imetoweka, hudai msako wa kina, tena kwa majira yanayofaa. Sharti hilo la majira lina uzito wake. Mabuu wa mbawakawa hawa huishi udongoni au ndani ya magogo yaliyooza, baadhi yao kwa miaka kadhaa, na wakubwa wengi hutoka usiku. Anayewatafuta saa nne asubuhi atarudi mikono mitupu.

Hata hivyo qiyasi hii inayumba mahali pamoja. Mume aliyepotea ana mke mlangoni kwa kadhi. Mbawakawa hana wa kumsemea. Na dalali anayesema "hapo ni pori tu", akionyesha kiwanja cha Goba au Chamazi, pembezoni mwa Dar es Salaam, hujiona hadai chochote, ilhali dai lake ni zito: kwamba hapo hakuna kiumbe cha kupotea. Fiqhi humtaka mdai alete ushahidi. Dalali haulizwi.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya Tanzania ya 2004 huitaka miradi mikubwa ifanyiwe kwanza tathmini ya athari kwa mazingira. Lakini vichaka vya Mbagala na Bunju vimemezwa zaidi na nyumba za vyumba vitatu, kiwanja kwa kiwanja.