Mwenye Kujua Bei na Asiyejua

Neno mtumba ni la zamani. Wazee wa pwani waliliita hivyo robota la nguo walilotwikwa wapagazi wa misafara ya bara. Leo ni jina la nguo zilizokwisha kuvaliwa Ulaya na Marekani, zikafungwa marobota ya kilo 45 hivi, zikashushwa Dar es Salaam, na kupelekwa kwa njia ya Mikumi na Kidatu hata Ifakara. Na humo, baina ya mashati na suruali, hutokea mara chache nguo ya fahari iliyopotea njia.

Basi na afikiriwe mfanya biashara wa pwani aliyekwenda bonde la Kilombero kununua mchele. Apita Lipangalala, aona kwa mwanamke muuza mitumba koti la kike lililojaa puleki. Aligeuza, atazama bitana, aona puleki zimeshonwa moja moja kwa mkono, na kibandiko cha nyumba ya washonaji wa Paris. Ajua kwamba koti kama hilo, hata likiwa limevaliwa, huuzwa ng'ambo kwa mamia ya dola. Mwanamke ataka shilingi 5,000. Je, alipe na kunyamaza, au amwambie?

Mwanamke huyo si mjinga. Puleki ya thamani na puleki duni humetameta sawasawa juani.

Ama kwa hukumu, madhhebu ya Imam Shafi, ndiyo ya watu wa pwani, yasema kwamba mtu aliyenunua kioo kwa bei ya johari, akidhani ni johari, hana khiyari ya kukirudisha; ilimpasa kuuliza. Kwa kipimo hicho mauzo ya koti yamesihi, wala mnunuzi hakusema uwongo. Wengi hupenda kuishia hapo. Husema tena kwamba ujuzi ni rasilimali, naye aliyeupata kwa safari na gharama ana haki ya kuutumia. Neno hili lina nguvu. Asiyejua zaidi ya wenzake hapati faida katika biashara yo yote.

Lakini sharia hiyo hiyo imekataza kuwalaki wenye msafara njiani na kununua mali yao kabla hawajafika sokoni wakajua bei. Wale walaki nao huenda hawakusema uwongo. Na mwanamke wa Lipangalala ni kama mwenye msafara asiyefika sokoni kamwe, kwani soko la koti lake liko Paris na Dubai. Hata simu ya mkononi haimfai, maana hajui ni jina gani la kutafuta.

Kisha kuna lile robota. Alilinunua limefungwa (na kuuza kisichoonekana ni mas'ala nyingine, tena nzito). Akilifungua akakuta nguo zilizochanika, hasara ni yake peke yake. Nguo moja njema ndiyo ifidiayo mbovu kumi. Anyamazaye akaondoka na koti amemwachia hasara zote za robota, akachukua bahati yake.

Imam Ghazali katika Ihya ametaja mfanya biashara wa Basra aliyepata barua ya siri kwamba miwa imeingiwa na ugonjwa. Akanunua sukari nyingi kabla watu hawajajua, akapata faida ya 30,000. Usiku akafikiri, na asubuhi akamwendea aliyemwuzia, akamweleza yote, akampa fedha ile. Muuzaji akamjibu kwamba sasa amekwisha mwambia, naye amemhalalishia. Yule bwana akarudi nayo nyumbani, wala hakupata usingizi, akihofu kwamba labda mwenziwe alimwonea haya tu. Kulipokucha akamrudia mara ya pili, akamsihi aipokee, naye akaipokea.