Saumu ya Mwanamichezo: Ruhusa, Dharura na Mizani ya Lishe

Saumu katika Uislamu ni kujizuia kula, kunywa na kuingiliana tangu alfajiri ya kweli hadi jua kuzama, kwa nia iliyowekwa usiku. Kwa siku 29 au 30 za Ramadhani, sharti hili humkuta mwanamichezo wa kulipwa mahali penye uzito wa pekee, kwa sababu mwili wake ndio chombo cha kazi na chakula ni sehemu ya kazi yenyewe. Yeye hula kwa saa na kwa gramu. Ibada nayo inamtaka aache kula katika saa zilezile ambazo kocha anamtaka ale. Swali linalozuka ni la kidini kabla ya kuwa la kitabibu. Je, mchezo ni dharura inayomhalalishia mtu kula mchana wa Ramadhani, au ni jambo la hiari linaloweza kusubiri magharibi?

Jibu haliwezi kupatikana bila kwanza kujua mwili unahitaji nini. Misuli ya mtu aliyezoea mazoezi huhifadhi wanga kiasi cha gramu 400 hadi 500 kwa umbo la glaikojeni, na ini huhifadhi kama gramu 100 nyingine. Akiba hiyo hutosha kazi ngumu ya dakika 90 hadi 120. Ikiisha, mwendo huanguka. Ndiyo maana wakimbiaji wengi wa marathoni huhisi miguu imegeuka mawe wakipita kilomita ya 30. Mtu aliyelala bila kula, akiba ya ini lake hupungua kwa kuwa ubongo hauachi kuitumia, lakini ile ya misuli karibu yote hubaki. Maji ni habari nyingine. Mchezaji wa kilo 70 akipoteza zaidi ya 2% ya uzito wake kwa jasho, yaani kilo 1.4, uwezo wake wa kukimbia huanza kushuka, hasa penye joto. Mwili una ghala la chakula, hauna ghala la maji. Kwa hiyo njaa ya mchana mmoja huvumilika kuliko kiu ya mchana huohuo.

Wanamichezo wanaofunga hawapunguzi chakula, wanakihamishia usiku. Mchezaji wa kilo 70 aliye katika mazoezi ya kawaida huhitaji wanga gramu 6 hadi 8 kwa kila kilo ya uzito, yaani gramu 420 hadi 560 kwa siku, pamoja na protini zipatazo gramu 110. Kiasi hicho hakiingii tumboni kwa mkao mmoja. Hugawanywa: kufuturu, chakula kikuu baada ya swala, kitu chepesi kabla ya kulala, kisha daku. Kila mlo hubeba protini gramu 20 hadi 35, kwa kuwa misuli hujijenga vizuri zaidi inapolishwa kidogo kidogo kuliko inapolishwa mara moja kwa wingi. Aliyetoka jasho la kilo 2 mazoezini hunywa maji karibu lita 3 kwa saa kadhaa, pamoja na chumvi ya supu au ya chakula, kwani maji matupu yanayonywewa kwa pupa huishia chooni.

Futari ya pwani ya Afrika Mashariki iko karibu na hesabu hii kuliko wengi wanavyodhani. Tende na uji huleta sukari ya haraka na maji kwa pamoja. Muhogo wa nazi, magimbi na viazi vitamu huleta wanga wa kujaza misuli. Kunde, maharage na samaki huleta protini. Kasoro yake iko kwenye karai. Bajia, sambusa na kaimati zilizoloa mafuta hukaa tumboni muda mrefu, na anayeanza kwazo hushiba kabla hajajaza kile kilichopungua. Pia sunna mbili zinazojulikana na kila mfungaji, kuharakisha futari na kuchelewesha daku, ndizo ambazo mtaalamu wa lishe angezishauri. Ya kwanza hufupisha muda wa kiu baada ya kazi, ya pili husogeza akiba ya ini karibu na mchana. Mchezaji anayekula saa nne usiku na kulala hadi asubuhi ameikosa sunna na ameikosa lishe.

Saa ya mazoezi nayo huhamishwa. Mazoezi mazito huwekwa ama usiku baada ya futari kutulia, ama muda mfupi kabla ya magharibi, ili adhana imkute mchezaji akiwa amemaliza na chakula cha kumrudisha kiwe tayari. Mazoezi ya saa nne asubuhi ndiyo mabaya kuliko yote, kwa kuwa jasho hutoka mapema na maji hayapatikani hadi jioni.

Utafiti mmoja wa mwaka 2004 uliofanywa Birmingham, Uingereza, unaligusa suala hili kwa namna isiyotarajiwa. Waendesha baiskeli waliosukutua maji yenye wanga na kuyatema, bila kumeza hata tone, walimaliza kazi ya takriban saa moja kwa muda mfupi zaidi kwa karibu 3% kuliko waliposukutua maji matupu. Hakuna chakula kilichoingia mwilini. Ubongo ulipata tu habari kwamba chakula kipo. Maana yake ni kwamba sehemu ya uchovu ni tahadhari ya ubongo na si upungufu wa kweli. Kwa mfungaji, hata hivyo, hila hiyo ina mpaka. Fiqhi, yaani sheria ya Kiislamu, inaruhusu kusukutua katika udhu lakini inachukia kupita kiasi, na kuonja chakula pasipo haja ni makuruhu. Utamu unaobaki kinywani ukimezwa makusudi, saumu imevunjika. Ila somo lenyewe linabaki: kuhisi haja na kuwa na haja ni vitu viwili, na saumu ni mazoezi ya kuvitenganisha.

Viwanja vimetoa mifano ya pande zote. Februari 1995, Ramadhani ilipoanza sambamba na mwezi huo, Hakeem Olajuwon wa Houston Rockets alicheza akiwa amefunga na akatajwa mchezaji bora wa mwezi wa NBA, ligi ya mpira wa kikapu ya Marekani. Mwaka 2012 Ramadhani iliangukia Olimpiki ya London, ambako mchana wa kufunga ulikaribia saa 18. Mkimbiaji Mo Farah wa Uingereza aliahirisha saumu na kushinda mita 5,000 na 10,000. Mpiga makasia Moe Sbihi naye aliahirisha, lakini akalipia milo 1,800 ya maskini nchini Morocco, nchi ya asili ya baba yake: watu 60 kwa kila siku ya mwezi. Hesabu ya 60 ni ya kafara, malipo ya aliyevunja saumu kwa kosa zito. Inaonyesha mtu aliyeuona uamuzi wake kuwa mzito kuliko ruhusa ya kawaida, akachagua kuulipia kwa bei ya juu.

Tofauti ya mahali ni kubwa kama tofauti ya mtu. Tarehe 30 Juni 2014, Aljeria ilikutana na Ujerumani mjini Porto Alegre katika Kombe la Dunia, Ramadhani ikiwa imeanza siku moja au mbili tu kabla. Juni ni majira ya baridi kusini mwa Brazil. Mchana ni mfupi, na jua lilizama mechi ikiwa bado kipindi cha kwanza. Aljeria ilihimili dakika 90 bila kufungwa, ikatolewa kwa mabao 2-1 katika muda wa nyongeza. Mesut Özil wa Ujerumani alikuwa ameshasema hadharani kwamba hatafunga kwa sababu yuko kazini. Saumu ya London miaka miwili kabla na ya Porto Alegre ni ibada moja yenye uzito tofauti kabisa kwa mwili. Karibu na ikweta, kuanzia Lamu hadi Mtwara, uzito huo haubadiliki sana: mchana wa saumu ni kama saa 13 na nusu mwaka mzima, na adui mkubwa ni joto la pwani.

Tafiti zilizofanywa kwa wachezaji wa Aljeria na Tunisia hazikutoa jibu moja. Baadhi zilikuta kasi na ustahimilivu vikishuka, nyingine zikakuta mabadiliko madogo pale usingizi na chakula vilipotunzwa. Linalojirudia ni kwamba nguvu na kasi ya muda mfupi huathirika kidogo, na kwamba kazi ndefu ya alasiri penye joto huathirika zaidi. Usingizi unaokatwa na daku huhesabiwa miongoni mwa sababu, wala si njaa peke yake.

Hapo ndipo fiqhi inapoingia na mizani yake. Kurani imewaruhusu mgonjwa na msafiri kula na kulipa siku nyingine. Msafiri hapimwi kwa kazi yake bali kwa umbali, takriban kilomita 80 na zaidi. Timu inayotoka Dar es Salaam kwenda Mbeya kwa barabara, zaidi ya kilomita 800, wachezaji wake wana ruhusa isiyo na mabishano; kwa madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani, sharti ni kwamba aliyeamka na saumu awe ameuacha mji wake kabla ya alfajiri. Ugomvi uko kwenye mechi ya nyumbani. Mwaka 2010 Baraza Kuu la Waislamu la Ujerumani, baada ya kutaka rai ya wanazuoni wa Al-Azhar ya Misri, lilisema mchezaji wa kulipwa anayeishi kwa mkataba wake anaweza kula siku za mechi na kulipa baadaye. Wanaopinga husema mpira ni mchezo, na kwamba mshahara mnono si dharura.

Pande zote mbili huuliza swali la cheo: mchezo ni kazi au si kazi? Vitabu vya Kishafii vimekwisha kuweka njia nyingine katika suala la wavunaji na wafanyakazi wa sulubu. Mtu wa kazi ngumu hukaa usiku na nia ya kufunga na huamka mfungaji. Yakimfika mashaka makubwa, ndipo hula, kwa kiasi cha kuondoa mashaka hayo, kisha hulipa siku ile. Ruhusa haitolewi kwa jina la kazi, hutolewa kwa hali inayomkuta mtu. Na hali ya mwanamichezo inapimika: uzito kabla na baada ya mazoezi, rangi ya mkojo, mapigo ya moyo, kizunguzungu, misuli kukakamaa. Elimu ya lishe, ambayo wengine huiona kama hoja ya kuiacha saumu, kwa kweli ndiyo inayoonyesha mahali mashaka ya kweli yanapoanzia. Kipa anayecheza saa mbili usiku baada ya kufuturu hana udhuru wowote. Mkimbiaji wa marathoni anayeanza saa tatu asubuhi penye jua kali anao, kwa kuwa kiu yake inaweza kumuua.

Linabaki suala la medali. Katika mbio za juu, upungufu wa 1% hutenganisha bingwa na wa nne, na upungufu huo haudhuru mwili hata kidogo. Fiqhi inazungumzia madhara ya mwili na riziki. Kukosa ushindi hakumo. Anayekula kwa ajili ya ile 1% anapaswa kukiri kwamba amechagua ushindi, si kwamba amelazimika. Mwili katika imani hii ni amana: aliyepewa haruhusiwi kuuangamiza kwa ibada, wala haruhusiwi kuuabudu.

Mara nyingi dunia ya michezo ina nafasi ya anayefunga na ya anayekula. Tarehe 26 Aprili 2021, Leicester ikicheza na Crystal Palace, kipa wa Palace alingoja kupiga goli kiki ili Wesley Fofana na Cheikhou Kouyaté wafuturu ukingoni mwa uwanja. Mchezo uliendelea baada ya sekunde chache. Si kila mahali, lakini: mwaka 2023 shirikisho la soka la Ufaransa liliwaelekeza waamuzi wasisimamishe mechi kwa sababu hiyo.

Aliyekula kwa udhuru ana deni la siku kwa siku, na msimu wa ligi za Ulaya unapokwisha Mei humwachia wiki za mapumziko za kulilipa. Kwa Shafii, anayelichelewesha bila sababu mpaka Ramadhani nyingine imkute hulipa siku ile pamoja na kibaba kimoja cha chakula kwa maskini.